Tunda la Mchoro wa Sitini na Tatu

Kila siku ya kazi, saa mbili kasorobo asubuhi, mchoraji alijaza maji vikombe vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha kuoshea brashi, cha pili cha kuchanganyia rangi, na cha tatu, kilichovunjika mkono, cha kunyweshea michoro. Kisha alivuta droo pana za kabati moja baada ya nyingine, na kwa ncha ya brashi safi akatia tone la maji kwenye mzizi wa kila ua lililochorwa. Maua yenye kawaida ya kuamka mapema yalikuwa yameshafumbuka. Yale mavivu yalingoja mpaka saa nne, kama yanavyofanya porini, na hakuna aliyeyaharakisha.

Idara ya mimea ya porini ilikuwa na vyumba viwili na baraza, na michoro yake ya rangi za maji ilikuwa hai tangu zamani. Wako waliosema ni kwa sababu ya karatasi, ambayo ilikuwa nzito na ya pamba. Wengine walisema ni maji ya bomba la uani. Fundi bomba aliyeletwa kuziba mvujo aliulizwa, akasema maji ni hayo hayo ya mji mzima, akafunga mfuko wake akaenda zake. Mchoro ukikosa maji siku nne ulinyauka ukabaki doa la kahawia, na mchoraji aliandikiwa barua ya onyo. Zaidi ya hapo kazi ilikuwa kama kazi nyingine yoyote: kiti kilikuwa kibovu na chai ilichelewa.

Juu ya mlango palibandikwa sheria mbili za idara. Ya kwanza ilisema: tunachora tunachokiona, si tunachokijua. Maana yake mmea lazima uwe mezani, mbele ya macho, ndipo uchorwe kwa ukubwa wake halisi, na jani moja ligeuzwe ili mgongo wake uonekane. Ya pili ilisema: usiguse mchoro kwa mkono mtupu. Hiyo ilikuwa kwa ajili ya mafuta ya ngozi, ambayo hutia karatasi madoa.

Nje ya idara kulikuwa na sheria ya tatu, kubwa kuliko hizo, iliyoandikwa na watu ambao hawajapata kushika brashi. Ilisema kilima kinachotakiwa kuvunjwa ili kupata kokoto, sharti kwanza mimea yake yote ya porini inayotoa maua ichorwe, kuanzia mzizi mpaka tunda. Mchoro wa mwisho ukikamilika na kupigwa mhuri, mimea hiyo ilihesabiwa kuwa imehifadhiwa, na kilima kilikuwa halali kuvunjwa. Siku alipoajiriwa, mchoraji aliisoma sheria hiyo mara mbili, akidhani kuna ukurasa umepotea. Hakukuwa na ukurasa uliopotea.

Kilima alichopangiwa kilikuwa na aina sitini na tatu za maua. Chini yake palikuwa na nyumba sita, na ile ya mwisho, yenye mlango wa buluu na maboga yaliyotambaa mpaka dirishani, ilikuwa ya shangazi yake. Huyo ndiye aliyemlea tangu baba yake alipofariki, naye akiwa na miaka minne. Shangazi hakujaliwa mtoto wa tumbo lake, na jambo hilo alilitaja mwenyewe mapema, kabla watu hawajalitaja nyuma yake. Alikuwa mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kusema. Habari uliyomwambia asubuhi, ikifika adhuhuri nyumba zote sita zilikuwa nayo, na ya sita ilikuwa imeshaiongezea chumvi.

Michoro sitini na miwili ilikamilika katika miaka miwili. Uliobaki ulikuwa wa ua dogo jeupe lenye koo la zambarau, lililoota upande wa nyuma wa kilima tu, katikati ya mawe, na kwingine kokote halikuonekana. Shangazi aliliita mkamwana, kwa jinsi linavyoinamisha kichwa mbele ya watu. Mmea mmoja ulikuwa na maua dume juu na ua jike moja chini, kama maboga. Mchoraji aliuchora mzizi, shina, majani saba, maua dume matatu na lile jike. Mahali pa tunda aliweka duara hafifu la penseli, akaweka brashi chini. Miaka minne ilikuwa imepita tangu siku hiyo, na duara lilikuwa bado tupu.

Sababu aliijua yeye peke yake. Kila mwaka, majuma mawili kabla ya safari ya ukaguzi, alipanda kilima akiwa na mkasi mdogo wa kukatia nyuzi, akakata kila kitunda kichanga kabla hakijawa kitu cha kuonekana. Mkuu wa idara alipofika na daftari lake, waliinama wote wawili juu ya mawe, na hapakuwa na tunda. Lisiloonekana halichorwi. Mkuu aliandika "halijazaa", wakashuka, wakanywa maji kwa shangazi. Kwa namna hiyo kilima kiliendelea kusimama, na nyumba sita nazo zikaendelea kusimama chini yake.

Lakini ua lisilozaa halina wa kulirithi. Mwaka wa kwanza alihesabu mashina arobaini na moja, wa pili ishirini na nane, wa tatu kumi na saba. Mwaka wa nne yalikuwa tisa. Alikuwa akikilinda kilima kwa kulinyima ua watoto, alilijua hilo, na lilimuuma. Kila aliporudi alisafisha ule mkasi kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji.

Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi alikuja mtu wa kampuni ya mawe. Idarani walimwita Bwana Kokoto, kwa sababu kila aliponyanyuka kitini aliacha vijiwe viwili vitatu vilivyodondoka kwenye soli zake. Hakuwa mtu wa makelele. Aliipenda michoro kwa moyo wake wote, na kabla ya shughuli aliomba kufunguliwa droo ya tatu, aliangalie ua la rangi ya chungwa linalofumba likisikia sauti nzito. Alilinong'oneza ili lisifumbe.

"Mungu ni fundi," alisema kila mara. Halafu: "Na lile letu, dada, linasemaje?"

"Bado," alijibu mchoraji.

"Basi tusilikimbize. Mashine zipo, hazina miguu."

Shangazi hakuambiwa kitu. Mchoraji alijua kwamba siri hiyo ikivuka mlango wa buluu itafika mpaka kwa Bwana Kokoto kabla ya jua kuzama, na yeye mchoraji atafukuzwa kazi, na kwenye kiti chake atakaa mchoraji mwingine ambaye hana mtu chini ya kilima. Kwa hiyo shangazi alipouliza habari za kilima, alimjibu, "Kilima kinakwenda wapi, shangazi? Hakina safari." Shangazi alicheka. Yeye aliamini wakubwa wamekisahau, na akamshukuru Mungu kwa usahaulifu wa wakubwa.

Alhamisi moja shangazi alikuja mjini kupimwa macho. Alipomaliza alipita idarani kupumzisha miguu, kama alivyofanya mara moja moja. Mlinzi alimpokea mzigo wake, na mchoraji akamkalisha kwenye kile kiti kibovu, upande usiobonyea.

"Shikamoo shangazi. Macho yanasemaje?"

"Marahaba mwanangu. Yanasema niwape miwani. Juma lijalo nije kuichukua." Alitazama mezani. Mchoro wa sitini na tatu ulikuwa umelala hapo, maana ndiyo kwanza umenyweshwa. "Huyu si mkamwana?"

"Ndiye."

"Amenenepa. Mnamtunza." Akasogeza uso mpaka pua ikakaribia karatasi. "Ila mtoto hana."

"Hana."

"Tangu mwaka ule?"

"Tangu mwaka ule, shangazi. Kaa, nikakuchotee maji."

Bomba la uani siku hiyo lilitoa maji kidogo kidogo, kama linaloomba ruhusa. Mchoraji alisimama na jagi kiasi cha robo saa. Aliporudi shangazi alikuwa amekaa vile vile, mikono mapajani, na sura ya mtu aliyemaliza kazi ndogo.

"Mkamwana wako nimemsaidia," alisema.

"Umemsaidiaje?"

"Kama maboga." Akanyanyua dole gumba la mkono wa kulia. Ncha yake ilikuwa ya manjano, manjano ile ile ambayo mchoraji aliichanganya miaka minne iliyopita kwa ajili ya chavua. "Nyuki humu hawaingii, mmeweka wavu. Nimegusa dume hapa juu, nikalipaka jike hapa chini. Basi."

Mchoraji aliweka jagi mezani, polepole. "Shangazi, ungeniuliza."

"Nikuulize nini? Dume liko hapa, jike liko hapa, kati yao hata shibiri haifiki. Na nyinyi watu wa shule mmekaa miaka minne mnawatazama."

Mchoraji alicheka, kwa kuwa shangazi alingoja acheke. Alijiambia kwamba karatasi ni karatasi. Maua ya michoro yalikunywa maji, yalifumba na kufumbuka, yaliangusha petali, lakini tangu idara ianzishwe hakuna lililowahi kuzaa. Hakuwaza kwamba tangu idara ianzishwe hakuna aliyewahi kuyagusa. Alimwosha shangazi dole kwa sabuni ya vyombo. Manjano haikutoka, na shangazi akasema mwache, itatoka yenyewe.

Ijumaa asubuhi, ndani ya duara la penseli, palikuwa na nukta ya kijani.

Mchoraji aliitazama mpaka chai ikapoa. Kwa miaka minne alikuwa amekata vitunda vya kweli, na hiki kilikuwa rangi tu. Rangi ya maji hufutika. Alichovya brashi katika maji safi, akailaza juu ya nukta, akasubiri ilainike, akakausha kwa kipande cha pamba. Pamba ilitoka nyeupe. Nukta ilikuwa imeyanywa yale maji, na sasa ilikuwa na ukubwa wa punje ya mtama. Alirudia mara tatu. Kila alichotaka kufuta alikinywesha, na kufikia saa sita tunda lilikuwa na ukubwa wa dengu, limejaa, linang'aa upande mmoja kana kwamba mtu aliliachia mwanga kwa ustadi mkubwa.

Akaamua kulinyima. Aliuingiza mchoro kwenye droo ya chini kabisa, juu ya mchoro wa nyasi za bondeni, hakuupa hata tone. Jumatatu alikuta nyasi zimelegea na tunda limeongezeka. Jumanne alifikiria kiberiti. Alikitoa mfukoni akakirudisha, kwa sababu mchoro ukiungua mkuu angemwamuru achore upya, na kule kwenye mawe, mwaka huu, mashina tisa yalikuwa yameshaanza kuchanua, na mbele ya mkuu asingeweza kuvikata vitunda vyake. Pia, na hili hakulikwepa, ni kwa sababu tunda lilikuwa zuri. Hajawahi kuchora tunda zuri hivyo.

Alhamisi shangazi alikuja kuchukua miwani. Mkuu wa idara alikuwa barazani akipunga upepo.

"Mwanangu," shangazi alimwambia, miwani mipya ikimng'aa usoni, "mjukuu wangu hajambo?"

"Mjukuu yupi, mama?"

"Wa mkamwana. Nilimpaka chavua mimi mwenyewe." Akamwonyesha dole.

Mkuu aliliangalia dole, kisha akaingia ndani. Alifungua droo kwa utaratibu, kuanzia ya juu, maana alikuwa mtu wa utaratibu, na mchoraji alisimama dirishani akisikia kila droo inavyovutwa na kurudishwa. Ya mwisho haikurudishwa.

"Dada," mkuu alisema. "Hili limechorwa lini?"

"Halikuchorwa, mkuu. Limeota."

"Limeota."

"Sikulichora mimi. Sheria inasema tunachora tunachokiona."

Mkuu aliinama na kioo chake cha kukuzia. Alikagua rangi, akakagua karatasi. "Rangi ni yetu. Karatasi ni yetu. Tunaliona," alisema. "Sheria kubwa inasema mchoro uwe na tunda. Limetoka wapi, haisemi. Tunda ni tunda."

"Mchoro umeguswa kwa mkono mtupu."

"Umeacha doa?"

Haukuacha doa.

Mchoraji alifikiria kusema kila kitu. Lakini kila kitu alichofikiria kusema kilithibitisha kwamba ua lile huzaa, na kwamba lingeweza kuchorwa miaka minne nyuma. Alipiga moyo konde, akafungua mdomo. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, kashika mkoba kwa mikono miwili, anatabasamu, anangoja kusifiwa. Mchoraji alifunga mdomo. Mhuri ulipigwa kwenye kona ya chini ya karatasi, mbali na mzizi, kwa uangalifu.

Bwana Kokoto aliitwa kwa simu na alifika kabla wino haujakauka. Alilitazama tunda, akavua kofia. Mkuu akamtambulisha shangazi, akaeleza habari ya dole gumba, na Bwana Kokoto akalishika dole hilo kwa mikono yake miwili.

"Mama," alisema, "umetusaidia mno. Umetufungulia njia."

"Si kitu, mwanangu," alisema shangazi. "Ni kama maboga tu."

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kuhusu kilima hawakusema lolote.

Barua zilifika kwenye nyumba sita mwezi uliofuata. Mchoraji aliomba ruhusa ya kung'oa mashina tisa na mizizi yake, akajibiwa kwa maandishi kwamba mashina hayo yameshahifadhiwa na yako kwenye droo yake. Shangazi hakujua kuandika, kwa hiyo mwandishi aliyeletwa na kampuni alimletea kidau cha wino wa buluu aweke alama ya kukubali kuhama. Dole likatoka kwenye wino buluu tupu, lakini kwenye karatasi alama ilikuwa ya manjano. Mwandishi aliipuliza ikauke.

"Haina neno," alisema. "Alama ni alama."

"Wakubwa wamekumbuka," shangazi alimwambia mchoraji siku ya kuhamisha vyombo. Alizifunga mbegu za maboga kwenye leso, akaitia kifuani.

Alipewa chumba ghorofa ya tatu, mkabala na ngazi, sakafu ya saruji na dirisha linalotazama dirisha. Maboga hayakuwa na pa kutambaa. Alijaribu kwenye ndoo, yakatoa majani mawili ya rangi ya majivu, yakaacha hapo hapo.

Kilima kilianza kupasuliwa Jumatano, saa nne, maua mavivu yalipokuwa yakifumbuka. Umbali ulikuwa mkubwa mno kwa mlio kusikika, ila maji kwenye vikombe vitatu yalitikisika, na lile ua la rangi ya chungwa likafumba. Kuanzia siku hiyo michoro yote sitini na mitatu ilitoa vumbi. Halikuingia dirishani; lilitoka kwenye karatasi zenyewe, kijivu, laini, na kila asubuhi petali zilikuwa zimefunikwa. Mkuu aliagiza kitambaa cha hariri na brashi ya manyoya laini zaidi. Katika orodha ya kazi za mchoraji palipoandikwa "kunywesha", pakaongezwa "na kupangusa". Bwana Kokoto bado alikuja Jumatatu ya kwanza ya mwezi, ingawa hakuwa tena na shughuli. Alilinong'oneza ua la chungwa, nalo halikufumbuka, naye akaondoka akiacha vijiwe vyake vitatu chini ya kiti. Mchoraji alivikusanya. Alikuwa na kopo zima la vijiwe hivyo, na hakujua ni kwa ajili ya nini.

Ua halisi la mwisho lilizikwa na kifusi kabla halijafungua koo lake.

Siku hizi shangazi huja kila Alhamisi. Mlinzi hamuulizi tena anakwenda wapi. Shangazi humwonyesha dole gumba, ambalo halijatoka rangi mpaka leo, na humwambia, "Hili ndilo lililomzalisha mkamwana." Mlinzi humpa hongera, kama alivyompa Alhamisi iliyopita. Kisha shangazi huketi upande wa kiti usiobonyea, hupangusa vumbi la kilima chake kwenye majani saba, mbele na ule mgongo mmoja ulio wazi, na hunywesha mzizi kwa kikombe kilichovunjika mkono. Mchoraji ameruhusiwa na mkuu kumwachia kazi hiyo.

Alhamisi hii tunda lilikuwa limepasuka. Mbegu kumi na moja nyeusi zilikuwa zimetawanyika juu ya karatasi, kila moja na kivuli chake kidogo cha penseli.

"Zimetoka," alisema shangazi. "Tutazipanda wapi?"

Mchoraji alifungua kabati, akatoa karatasi mpya, nyeupe, akailaza mezani.

Shangazi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Aliitazama ile karatasi pana isiyo na kitu, akapitisha dole lake juu yake, kutoka ukingo hadi ukingo. "Unaona, mwanangu," alisema. "Kilima wamekichukua, lakini hili hawakuliweza. Hili nililifanya mimi."

Mchoraji alimwangalia.

"Shangazi," alisema.

"Ee, mwanangu?"

Kikombe kilichovunjika mkono kilikuwa kitupu mezani.

"Maji yamekwisha. Nikakuchotee mengine?"

"Kachote," alisema shangazi, na akaanza kuzipanga mbegu kwa mistari, akiacha nafasi kati ya mbegu na mbegu, kama mtu mwenye shamba.